Kadi Uliyoiandika Wewe

Kaka Miloje,

Kahawa uliyotuma kutoka Trieste imefika, na buti za mwanao Ognjen pia, zimemkaa sawasawa. Miplamu imechanua. Baba anakusalimu, ila hawezi kushika kalamu.

Unaijua kamusi anayoitunga. Tangu vita vianze karatasi hazipatikani, kwa hiyo kadi zake anaziandika nyuma ya matangazo ya vifo, akiyabandua mitini siku arobaini zikishapita. Jumanne alikuwa amepanga mezani kadi za neno "biblioteka", yaani maktaba: la kwetu, la Warusi, la Wapolandi, na la Waitaliano uliloandika wewe. Mara wakavunja mlango wanaume watatu wenye bunduki, wamejifunika nyuso.

"We mzee, neno letu unalilaza na maneno ya maadui?" mkubwa wao akafoka. "Sema ni letu peke yetu!"

"Tumeliazima kwa Wagiriki, mwanangu. Na hao maadui vilevile."

"Mvunjeni huo mkono wa kuandikia!"

Mmoja akambana Baba mkono juu ya kadi, akauponda kwa kitako cha bunduki, kidole kimoja baada ya kingine. Nilisikia kila mfupa. Damu ikarukia ukutani. Baba akamtazama yule kijana machoni, kwenye matundu ya kitambaa.

"Taratibu, mjukuu wangu," akasema. "Utaichana kadi ya baba yako."

Kijana akapiga tena.

Baba amenikataza kukuandikia haya. Lakini mimi, Kaka, nilikuwa nimeshazitambua buti.

Dada yako,
Radojka