Kunguni wa Bwana Picha

Jumatatu, 3 Agosti 1936
Nimeazimwa. Bwana DC amenitoa mimi karani wake ofisini wiki nzima nikamtafsirie Mzungu wa sinema, aliyekuja Bagamoyo kutengeneza picha ya kufundisha watu kuanika vitanda. Tumemwita Bwana Picha. Leo kanitazama kidevu, akasema mimi ndiye mume. Mke ni Zaina binti Mbaruku, muuza samaki wa kukaanga — waume wawili wameshaukimbia ulimi wake. Moyo ulinidunda. Sitaandika kwa nini.

Jumatano, 5 Agosti
Nyumba ya Zaina imekataliwa — safi mno. Tumeagizwa tumwage makumbi ya nazi na majivu chumbani. Zaina kafyonya. Na kunguni je? Nyumba nne tumewakosa. Mwisho tumewapata hemani, kitandani kwa Bwana Picha mwenyewe. Wanene.

Alhamisi, 6 Agosti
Siku ya kitanda, tumeketi juu yake sote wawili. Mke amlalamikie mume juu ya kunguni, maneno yoyote, ila kwa uchungu. Zaina akashika kiuno: "Kunguni hawa nawashukuru. Usiku wao ndio wanaonishughulikia. Wewe ukipanda ni kukoroma tu, kitanda hakijapata kulia hata siku moja."

Mshika taa akacheka, taa ikatikisika. Bwana Picha, machozi yanamlenga, akaniuliza kasema nini. Nikamwambia anasikitikia afya ya nyumba. Akasema uchungu wa kweli namna hii hajauona, turudie. Tumerudia mara sita. Mara ya sita Zaina alinichambua viungo, kimoja kimoja.

Jioni ndiyo nimejua: kisanduku alichokiweka Bwana Picha mvunguni kinashika sauti. Nimemwambia Zaina. "Kwani nimesema uongo, Mtoro?" Nikamjibu hana ushahidi. Kacheka mpaka kajifunika kanga.

Jumamosi, 12 Septemba
Picha imeonyeshwa leo mchana ghalani, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Mji mzima. Bwana DC, ambaye Kiswahili chake kinashinda changu, kaamuru irudiwe mara tatu — mabega yakimcheza. Bwana Picha kadhani wanaisifu sanaa yake, akampa mkono kila mtu.

Mzee Mbaruku, baba yake Zaina, hakucheka. Sasa yuko ofisini kwa DC, namsikia dirishani: mji umemwona binti yangu kitandani na karani wako, nataka ndoa.

Naandika hapa kwenye benchi. Mlango umefunguliwa, DC anauliza mimi nasemaje. Zaina, ubavuni pangu, ananong'ona: "Leo usitafsiri, Mtoro. Sema yako."