Bila Kunyanyua Kalamu

Dada yangu mpendwa,

Hujambo wewe kwanza, ugomvi utafuata. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo bado anakohoa usiku? Natumaini mgongo wako umetulia tangu mlipobadilisha godoro. Mimi ni mzima, nashukuru, ukiacha miguu inayovimba jioni na hasira ambayo haina dawa ya kumeza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zetu zote zinafanya kazi. Nakujibu bila kuzunguka. Kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikianza kukueleza jambo hili unanikatiza kuniuliza kama nimeshamwambia bosi kwamba naacha kazi. Karatasi hainikatizi. Kwa hiyo kaa chini, weka chai yako karibu, usome mpaka mwisho ndipo umpigie kaka umlalamikie.

Najua mnachosubiri. Wewe na kaka mlikaa mkapanga kwamba Mama hawezi tena kuishi peke yake baada ya kuteleza bafuni, na kwamba wa kwenda kukaa naye ni mimi, kwa sababu wewe una familia, kaka yuko mbali, tena wifi ni mjamzito, na mimi, kwa maneno yako mwenyewe, niko huru. Nikasema sawa. Nimekuwa nikisema sawa tangu enzi za kutumwa dukani, ulimi wangu umeshaizoea. Lakini yametokea mambo huku kazini ambayo ni lazima uyajue kabla sijakupa jibu la kweli.

Nilikwambia kwamba hapa hospitali tumepata meneja mpya. Alipofika tu akagundua kwamba sisi wa chumba cha kufulia tunagombana sana. Kweli tunagombana. Nusu ya mashine ni mbovu na mashuka ya wodi zote yanatungoja sisi, tusigombane tuna wazimu? Mtu mwenye akili zake angetengeneza mashine. Yeye akatuletea mshauri nasaha.

Ni binti mdogo, ana sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, tukambandika jina la Bi Pole. Kila asubuhi kabla hatujawasha mashine anatukalisha kwenye meza ya kukunjia mashuka, anagawa karatasi, kisha anatusomea sentensi ambayo haijaisha. Anaiita kianzio. Unaiandika, halafu unaendelea mwenyewe bila kunyanyua kalamu, bila kufuta, bila kufikiri, mpaka simu yake ilie. Ukikwama unaandika "sijui niandike nini, sijui niandike nini" mpaka kije kitu. Hakuna anayeisoma. Ukimaliza, karatasi yako unaichana vipande vipande na kuitupa kwenye pipa. Nilimuuliza, kama tunachana, tunaandika ya nini. Akatabasamu akasema hilo ni swali zuri, nikae nalo. Nilikaa nalo siku nzima, dada, na mashuka ya wodi ya wazazi yakachelewa.

Kianzio cha kwanza kilikuwa "Mzigo ninaoubeba ni". Kuna mwenzetu anayehudumia boila, tunamwita Jenereta kwa sababu akianza kuongea hazimiki. Yeye akaandika kwamba mzigo anaoubeba ni mapipa ya sabuni, anayabeba kutoka stoo mpaka kwenye mashine, na ameomba toroli tangu mwaka jana. Hakuichana. Alikwenda kuibandika kwenye mlango wa meneja, na toroli likaja wiki ileile. Mpaka leo sijaona faida nyingine ya mpango huu ambayo unaweza kuishika kwa mkono.

Mimi niliandika hesabu ya mashuka. Kesho yake tukaambiwa tumwandikie mtoto tuliyekuwa zamani. Nikamwambia akanawe miguu, na aache kulilia viatu vya dada yake, maana vitamfikia tu vikishachoka. Siku nyingine kianzio kilikuwa "Leo mwili wangu unaniambia". Mwili wangu uliniambia kwamba una njaa. Bi Pole akipita nyuma yangu anasema vizuri sana, na karatasi hata hajaiangalia. Nilikuwa namtazama tu nikisema moyoni, huyu mtoto analipwa kwa kazi hii, na fundi wa mashine anaambiwa hakuna fungu.

Sasa fika hapa usome polepole. Wiki iliyopita akaja na kianzio hiki: "Kama hakuna ambaye angekasirika, ninge". Nikaandika ningelala mpaka saa nne. Nikaandika ningemwambia meneja kwamba mpango wake huu ni nyumba isiyo na msingi, itamwangukia. Kisha nikakwama. Nikaandika sijui niandike nini mstari mzima, mkono umekufa ganzi, namsikia Jenereta pembeni anakwangua karatasi yake utadhani anachimba mtaro. Halafu mkono ukaandika ningebaki. Sikuutuma. Ningebaki hapa, ningebaki na chumba changu chenye dirisha linalotazama ukuta na ufunguo ambao hakuna mwingine aliye nao, ningebaki na hawa wagomvi wangu, ningebaki kwenye joto la mashuka yanayotoka kwenye pasi, ningebaki, ningebaki. Simu ilipolia bado nilikuwa naandika.

Karatasi ile niliichana mpaka ikawa kama unga. Nilikasirika, dada, usifikiri nilipata amani yoyote. Nilimfuata Bi Pole stoo nikamwambia kwamba nilikuja kazini kufua, nilikuwa na uamuzi wangu umekwisha kukunjwa na kuwekwa kabatini, na yeye amekuja kuuvuruga. Nilimwambia yeye ni fundi anayefungua bomba ambalo halikuwa linavuja. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza ingekuwaje kama jambo hilo ningelisema kwa mtu anayehusika. Nikamwambia yeye hakujui wewe.

Basi Jumamosi nikaenda kwa Mama. Sikwenda kukataa, usinielewe vibaya. Nilikwenda kupima pa kuweka kitanda changu. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikaanza kazi palepale. Nikakunja zulia la mlangoni asije akajikwaa, nikaficha viberiti, nikahamisha vyombo vya rafu ya juu nikavileta chini, nikamwambia kuanzia sasa haingii bafuni bila mimi kumshika mkono. Kila nilichosema alijibu sawa. Mama, zulia nalitoa. Sawa. Mama, chumvi tunapunguza. Sawa. Nikasimama na ndoo mkononi, maana sawa ile niliijua. Ile ni sawa yangu mimi.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga, mimi nanyi nyote. Wewe ulimuuliza kaka. Kaka aliniuliza mimi. Mimi nilimuuliza daktari. Shemeji aliulizwa, hata jirani wa Mama aliulizwa kama anaweza kuchungulia jioni. Mama hakuulizwa na yeyote kati yetu. Mwanamke aliyefanya kazi ya swichibodi ya simu maisha yake yote, kuwaunganisha watu kisha anatoka kwenye laini ili waongee, na sisi watoto wake tumempanga kana kwamba ni kabati la kuhamishwa.

Nikamuuliza moja kwa moja anataka nini. Akasema lolote mtakaloamua ni sawa. Ungenipiga kofi nisingechukia vile. Ndipo nikamletea upuuzi wa Bi Pole. Mikono yake inatetemeka, kalamu haiwezi, nikamwambia afanye kwa mdomo. Nikampa masharti: haruhusiwi kunyamaza, haruhusiwi kujisahihisha, mimi sitajibu wala kuuliza, na akikwama aseme sijui niseme nini mpaka kije kitu. Akasema hospitali ile inaniharibu. Nikamwambia hilo tunakubaliana. Nikampa kianzio: "Jambo ambalo hakuna aliyeniuliza ni". Halafu nikampa mgongo nikaanza kukunja nguo zake, ili asiniangalie usoni.

Alianza na redio ya jirani. Akaenda kwenye goti. Akasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, na tangu nilipofika asubuhi anatafuta namna ya kuimwaga bila mimi kuona. Akasema sijui niseme nini, sijui niseme nini, akaisema mpaka nikafikiri amesinzia. Kisha sauti ikabadilika.

Dada, Mama hanitaki mimi. Alisema Kitinda wake, yaani mimi, ni mtoto mzuri, hajawahi kumuudhi, lakini anamhurumia kupita kiasi. Mama akikaa naye siku mbili anaanza kujiona kama maiti inayosubiri kuoshwa. Kitinda anaongea naye polepole, anamkatia nyama vipande, anamwitikia kila kitu. Alisema hawezi kufa akiwa anaitikiwa. Anamtaka yule mkubwa. Anakutaka wewe. Alisema tangu ukiwa mdogo mlikuwa mkibishana kuanzia asubuhi, juu ya nywele, juu ya pazia, juu ya nani aliacha mlango wazi, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa anaamka mapema kwa ajili ya ubishi ule.

Alisema alikukosea siku ya harusi yako, alipotamka mbele ya wageni kwamba huyo si mwanamume aliyemtaka yeye. Na kwamba shemeji amegeuka kuwa mtu mwema, na ameliona hilo miaka mingi sasa, ila hajapata pa kulisemea. Tangu siku ile, alisema, unakuja na mifuko ya vitu, gari linanguruma nje, unakaa ukingoni mwa kiti na viatu vyako miguuni, unamuuliza hali, unamwitikia ndiyo Mama, hapana Mama. Alisema angependa umtukane kuliko adabu hiyo. Alijua kwamba nyuma ya nyumba yako kuna chumba mlichoweka friji bovu. Alikuwa anasubiri mmoja wetu akitaje. Mwenyewe anaogopa kukuomba, kwa sababu ana hakika utakubali kwa adabu.

Niliendelea kukunja. Nguo moja niliikunja na kuikunjua sijui mara ngapi. Nitakwambia ukweli jinsi ulivyonipata, maana nimechoka kusema sawa. Niliumia. Mimi ndiye niendaye kila likizo, mimi ndiye nijuaye dawa zake kwa rangi, mimi nilikuwa tayari kuacha kila kitu, na hakunichagua. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nikalia. Na hukohuko bafuni nikagundua kwamba nimepumua mpaka chini ya tumbo, na kwamba tangu mlipopanga ule mpango wenu sikuwa nimepumua hivyo. Vyote viwili vilinijia pamoja, uchungu na nafuu, na sijui nikuambie kipi kilikuwa kikubwa.

Nilipotoka alikuwa anatazama nje. Hakuniruhusu nikwambie. Hakunikataza pia. Najua kanuni ni kwamba yanayosemwa hivi yanachanwa, na Bi Pole akisikia atanipa swali jingine la kukaa nalo. Mimi nimeamua kutochana.

Basi jibu langu ni hili. Siachi kazi. Bosi sijamwambia kitu na sitamwambia. Nitaendelea kwenda kwa Mama kila ninapopata likizo, na chai nitaikoleza. Lakini kile chumba nyuma ya nyumba yako kitoeni friji. Na kabla hujaniambia kwamba una familia, una mume, una watoto, una mgongo, nakwambia ninajua, na yeye pia anajua. Usinijibu mimi. Nenda ukamjibu yeye. Nenda wikiendi hii, uzime gari, uvue viatu, na uanzie pale mlipoachia siku ya harusi. Ukimkubalia kwa upole, nitakuja mwenyewe kuwatenganisha.

Haya, nimemaliza, na mkono unaniuma. Nisalimie shemeji, mwambie yaliyomo humu juu yake ni ya kweli, na aende ayasikie kwa Mama mwenyewe. Wabusu watoto, na yule anayekohoa mpeleke hospitali badala ya kumpaka mafuta. Jenereta anawasalimu wote ingawa hamjui hata mmoja wenu.

Mama hakusalimii. Nilipokuwa naaga nilimuuliza kama ana salamu zako, akasema salamu ni za wageni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda