Mashavu ya Rhoda

Garsen, Jumanne. Joto la leo si la kuchezea, na vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye chai. Moyo wangu mzito. Ngoja niandike, labda uzito utapungua.

Leo daktari ametuambia jicho la kulia la mke wangu Rhoda halitaona tena.

Basi, nimeandika.

Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, hata jina lake linanishinda kulitamka. Kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe, inashambulia mishipa ya damu, nayo inavimba kwa ndani mpaka damu inapita kwa shida. Mwaka jana nesi alimshika mkono wa kushoto akitafuta mapigo, asiyapate. Rhoda, mtu wa mzaha, akamwuliza kama ndiyo ameshakufa. Tulifika Mombasa kwa taabu, barabara imeliwa na mafuriko ya El Nino. Tukapewa vidonge, tukaonywa sana tusiviache ghafla.

Vilimsaidia. Maumivu yakapungua, akaanza kucheka tena. Vikamvimbisha na uso. Daktari alisema ile ni dawa tu, si afya. Lakini nenda kawaeleze watu wa Idsowe, kijijini kwao! Kwetu huku mtoni mtu akijaa mashavu amepona, habari imekwisha.

Akaenda kwao kusaidia kuvuna mpunga. Mama mkwe alipomwona alilia kwa furaha. Jumapili akampeleka kanisani na jogoo wa shukrani, akamsimamisha mbele, akamgeuza uso huku na huku ili kila mtu ayaone yale mashavu. Wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa baada ya hapo angemezaje vidonge mbele ya mama yake? Ingekuwa kumwambia Mungu asante, halafu kumwonyesha kwamba hakuamini. Rhoda aliniambia hivyo mwenyewe, kitandani hospitalini, bila kulia. Aliviacha Jumapili ileile. Kabla mavuno hayajaisha kichwa kikaanza kumgonga, kisha jicho likaingia giza.

Nina hasira jamani. Nina hasira na yule mama na jogoo wake na vigelegele vyao vyote. Na siwezi kumwambia kitu. Mkwe ni mkwe, mbele yake hata sauti siinui.

Jioni amekuja nyumbani na mchele mpya na kambare wa kukaushwa. Hajui kwamba Rhoda aliacha vidonge. Anadhani ugonjwa umerudi tu, kama malaria inavyorudi. Akamshika Rhoda mashavu, yamepungua, akasikitika kwamba mwanawe amekonda hivi. Nikafungua mdomo. Rhoda akanitazama kwa lile jicho lililobaki, nikaufunga.

Mama alipotoka kwenda kuwasha moto, Rhoda akasema polepole, "Usimwambie. Tangu baba afariki, sijamwona na furaha kama Jumapili ile."

Nilimpa vidonge vyake, akameza kwa uji. Tumeanza upya.

Nampenda mke wangu, na leo kumpenda kumeniuma kweli.

Daktari anasema baada ya wiki chache uso utajaa tena. Mama mkwe atauona, atafurahi, atatafuta jogoo mwingine. Watamsimamisha mbele tena na kumgeuza huku na huku. Nami nitakuwa nimesimama upande wake wa kulia, asikoona, nikipiga makofi pamoja nao.

Nitaweza?