Kuta za Chumba cha Darini

Blaenau Ffestiniog, 2 Septemba

Mwanangu Lowri,

Vipi hali yako na huyo aliye tumboni? Sisi huku tu wazima, isipokuwa baba yako anayelalamikia mgongo kila nikitaja ngazi.

Mafundi wamemaliza kuinua paa upande wa nyuma. Mbao zimesimama, dirisha limewekwa, na ukichungulia unaona mlima wote. Kuta za nje tu ndizo hazijafunikwa. Fundi amesema hana nafasi mpaka Januari, nami nikamwambia, "Basi niachie jukwaa lako, nitazimaliza mwenyewe." Akacheka. Baba yako hakucheka, ananijua.

Sufu ya kondoo ya kujazia kati ya mbao imeshafika, marobota kumi na mawili yamejaa sebuleni. Siwezi kulala kwa furaha. Mjukuu wangu atapata chumba chenye joto kuliko vyote mtaani.

Mama yako,
Menna

Cardiff, 9 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Baba na mgongo wake. Mimi sijambo, ila viatu havinitoshi tena.

Mama, umepeleka barua za watu kwa baiskeli miaka yote ile, ukuta umejifunzia wapi? Nikikufikiria juu ya jukwaa na nyundo nashindwa kula. Na huyu mume wangu Osian, badala ya kunisaidia kukukataza, amepiga simu toka melini kuuliza kama utambakizia kazi kidogo.

Nina furaha lakini, nisikufiche. Nimeshawaambia watu wote kazini kwamba mama yangu anatujengea chumba. Mtoto akizaliwa tutakuja kukaa huko mpaka Pasaka, kisha turudi Cardiff. Usijichoshe kwa ajili ya miezi michache.

Binti yako,
Lowri

Blaenau Ffestiniog, 30 Septemba

Lowri wangu,

Mnaendeleaje wote wawili? Sisi wazima, tunanuka kondoo tu.

Sufu yote imeingia, nimeishindilia mpaka kwenye pembe. Juu yake nimepiga mbao ngumu za kuzuia baridi, halafu ile karatasi ya kuzuia mvua. Baba yako kashika ngazi chini, macho kayafumba. Namuuliza, "Gethin, ukifumba macho nikianguka utanidakaje?" Ananijibu, "Nitasikia."

Bado fito, kisha vigae vya mawe juu ya fito, ili upepo upite nyuma yake na kukausha unyevu. Nikiamka asubuhi nakimbilia nje na kikombe cha chai kuitazama nyumba.

Kuhusu Pasaka nimekuelewa.

Mama yako

Cardiff, 24 Oktoba

Mama,

U mzima kweli? Mbona kimya? Nimesikia kuhusu dhoruba iliyopiga huko. Nimempigia Baba, akasema, "Mama yako mzima, ila hataki kuongea na mtu," kisha akakata. Umeanguka? Niambie ukweli, la sivyo napanda treni hivi hivi na tumbo langu.

Binti yako mwenye wasiwasi,
Lowri

Blaenau Ffestiniog, 28 Oktoba

Mwanangu,

Usipande treni. Sijaanguka wala siumwi. Niliona aibu tu.

Ile karatasi nilianza kuipiga juu nikashuka chini, kwa hiyo kila kipande cha chini kikalalia cha juu. Maji yanateremka, Lowri. Dhoruba ilipokuja yaliingia kwenye kila kiungo kama yamealikwa. Sufu ikalowa ukuta mzima wa magharibi. Nilikaa kwenye ngazi za ndani nikalia, nikasema nimeharibu chumba cha mtoto.

Sasa sikia alichofanya baba yako. Alipanda jukwaani. Gethin, yule asiyepanda hata kiti kubadilisha taa! Akaanza kubandua karatasi na mbao. Tukaanika sufu nyumba nzima, kwenye viti, kwenye ngazi, mpaka juu ya kinanda. Mchungaji wa kanisa letu alipokuja kutembea alikalia rundo la sufu akidhani ni mto.

Ilipokauka tukairudisha, na karatasi safari hii tumeanza chini kwenda juu. Fito zimekaa. Vigae navyo vinapanda, safu baada ya safu, na baba yako hataki kushuka hata kula. Jana nilimwita mara tatu, akaniambia, "Menna, subiri nimalize safu hii." Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Uje wakati wowote.

Mama yako

Darini, 8 Desemba

Mama,

Umeenda dukani, Baba yuko kanisani, nami nakuandikia kutoka huku juu kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia.

Tangu alfajiri mvua inapiga ubavuni mwa nyumba. Mjukuu wako Macsen amelala, wala hajashtuka. Nimeweka kiganja ukutani upande wa magharibi, nikasogea polepole kutoka dirishani mpaka pembeni. Pakavu kote. Pana joto, Mama.

Jana Osian na mimi tulizungumza kwa simu. Meli yake inaweza kumpakia hata bandari ya Holyhead, karibu na hapa. Nami nimewaandikia wenye nyumba kule Cardiff kwamba hatutarudi, si Pasaka wala baadaye. Hukuniuliza hata mara moja kama tutabaki, najua ulijizuia.

Ukishaisoma, panda. Usibishe hodi.

Binti yako,
Lowri