Leo Nimeuliza Kuhusu Mshipa Wangu

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha hapa Busia tangu saa nane na mimi niko barazani, moyo mweupe.

Nikiri kwanza. Mwezi jana nilikaribia kufa kwa ukaidi wangu.

Nina kisukari, huu mwaka wa tisa. Dawa nilikuwa nameza siku nikijisikia vibaya. Siku nyingine naziruka, na Wafula, mume wangu, nikimwambia nimemeza. Siku ile nilikuwa sokoni kwa meza yangu ya samaki. Jasho baridi likanitoka, pumzi ikakatika. Kifua hakikuuma hata kidogo. Nikasema ni jua.

Nakato, anayevuka kutoka Uganda kuuza ndizi kando yangu, alinitazama tu.

"Nnyabo, mama yangu, hiyo si jua. Simama twende."

"Na samaki?"

"Samaki ishakufa. Wewe bado."

Akanipakia kwa bodaboda, akanishikilia mpaka hospitali. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba. Nilipelekwa Eldoret, wakauzibua.

Leo nilirudi kliniki na swali lililokuwa limenikaa kooni. Dada yangu pia ana mafuta kwenye mishipa, lakini hana sukari na hajaanguka. Mbona mimi?

Daktari, msichana wa rika la binti yangu, alichukua kalamu akanichorea. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa na kufunikwa na ngozi. Sukari ikikaa juu miaka mingi, alisema, mafuta yale huzidi kuwa laini, ngozi inakuwa nyembamba, na penginepo panakauka kama chokaa. Damu ikisukuma, palipo dhaifu panaweza kupasuka. Hapo damu huganda, mshipa unaziba.

"Yangu itapasuka tena?"

"Siwezi kukuapia, mama. Lakini ukishika dawa na sukari itulie, ile ngozi hupata nguvu."

Hupata nguvu! Nilitoka pale natembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Wafula ukweli wote, hata zile siku za uongo. Nilingoja ugomvi.

Alileta glasi ya maji, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza kumeza.

Kesho anaamkia Malaba mapema. Nitameza hata kama haoni.