Glasi ya Mwalimu Usiioshe

Somoe,

Hiyo simu unayoisikia ikilia ndani ya kabati la vikombe ni ya Mama. Ameisahau, na yuko njiani kwenda Mpapura peke yake.

~~Funga mgahawa.~~ Usifunge, watu watauliza. Funika maandazi. Glasi iliyo chini ya bakuli usiioshe, ni ushahidi.

Asubuhi yule anayejiita mwalimu mgeni alisema hajawahi kushika korosho. Mama akamtazama vidole: vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Alipotoka, Mama akaninong'oneza kuwa ndiye mwizi wa magunia ya korosho ya Bi Rukia. Nikacheka mbele ya wateja: "Mama, hiyo chai! Umetunga!"

"Mimi chai nauza, sipigi," akajibu, akadandia bodaboda kumfuata huko Mpapura.

Ndipo nikaiona glasi aliyonywea huyo mwalimu, ina alama nyeusi za vidole. Mimi hodari wa kutunga mashairi yenye vina, lakini "samahani" sikuwahi kuisema.

Bi Rukia yuko mlangoni. Nimemwapia kwa sauti, wateja wakisikia: "Namfuata Mama. Nikimkuta nitamwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomcheka mbele ya watu."

Kaka yako