Mguu Baridi, Paji la Moto

Bunia, mtaa wa Ngezi

Kwako Yaya Mapendo,

Nakuamkia kwa heshima, weye dada yangu mkubwa uliyebaki na nyumba yetu tangu Papa atuache. Mama anaendeleaje? Magoti bado yanamsumbua akitoka mtoni? Na mihogo, nguruwe wa msituni wamewaachia kitu mwaka huu? Mimi ni hai. Nikisema niko mzima nitakuwa nakudanganya. Simu sikutaka, maana huko Epulu mnapanda kilima kutafuta rezo ya simu, na kila aliye kilimani anasikia habari za mwenzake. Barua hii dereva wa lori la mbao atakupa mkononi. Ukikuta bahasha imefunguliwa, niambie.

Ni habari ya mguu wangu wa kushoto. Unajua kazi yangu ni kufyatua matofali na kuyachoma. Kabla Corona haijafika, nilianza kuona kwamba nikikanyaga udongo kidogo tu, shavu la mguu linakaza kama kamba, nikisimama, linaachia. Kisha unyayo ukawa baridi, hata juani. Hospitalini muuguzi akasema mshipa wa damu umeziba, na dokta wa mishipa hutoka ng'ambo ya ziwa, Uganda, mara chache kwa mwaka. Wakaandika jina langu, wakanipa siku.

Siku hiyo ilipofika, redio ilikuwa imeshajaa Corona. Asubuhi tulikuwa tunaziba midomo ya tanuru kwa udongo, kazi isiyoachwa katikati, na mimi ndiye niliyekuwa mbele ya moto. Tulipomaliza nikapanda pikipiki moja kwa moja, kofia ya sufu kichwani, nisichelewe. Getini msichana mmoja akanivua kofia, akanielekezea kipimo kama bastola kwenye paji la uso. Akasema namba kwa Kifaransa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Papa, uko na homa kali. Enda mu hema ile."

"Siko na homa, mutoto yangu. Natoka ku tanuru."

"Wote wanasemaka vile. Enda mu hema."

Yaya, hema ile nyeupe nilipoiona, nilimwona Papa. Unakumbuka wakati wa Ebola tulivyomuaga nyuma ya plastiki, hata kumwosha tukakatazwa. Weye na mimi tuliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu atakayelala tena ndani ya hema ya hospitali. Basi nilikimbia. Kwa mguu huu huu. Sijui nilikimbiaje.

Niliporudi baada ya siku nane, wakaniambia dokta amekwenda kwao na mpaka umefungwa. Hakuna ndege, na hata mitumbwi ya Kasenyi imekatazwa kuvuka. Sikuamini. Nilisema moyoni, nafasi yangu wamempa mfanyabiashara fulani, sasa wanasingizia ugonjwa. Corona gani hii inayojua kufunga chumba cha upasuaji lakini haijui kufunga soko? Kila mwezi nilikwenda kuuliza, kila mwezi jibu ni lile lile, kutoka kwa mtu aliyefunika mdomo nisimwone anavyolisema.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Unyayo ulikuwa baridi kama wa maiti, na tanuru liko mbele yangu. Nikawa nauegesha karibu na mdomo wa moto nikipumzika. Siku moja mwenzangu akaniuliza, "Nani anachoma nyama?" Tulitazama pande zote kabla ya kutazama mguu wangu. Mimi sikusikia kitu, Yaya. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeiva. Sasa ni vyeusi.

Mpaka umefunguliwa, dokta amerudi. Ni mtu mfupi, na Kiswahili chake kinachechemea kunishinda mimi. Akasema nafasi bado ipo: atachukua mshipa kutoka mguu mzima, aunganishe pale palipoziba, unyayo upate damu. Lakini vile vidole viwili vimekufa, lazima vitoke.

Nikamwambia, "Kwanza mulisema mushipa tu. Leo vidole. Kesho mutasema kichwa?"

Tulikuwa wodini, na kitanda cha pili kuna Mama Lotsove, aliyekimbia vita ya Djugu. Akacheka. "Kichwa yako nani ataitaka? Hata ya bure!" Kisha akafunua shuka. Mguu wake mmoja umeishia juu ya goti. "Miye nilingojaka dokta huyu sawa weye. Mutu wa kuunga alikuwa ng'ambo. Mutu wa kukata alikuwa hapa."

Hata hivyo shaka haikuniacha. Dokta akaleta kimashine kama kalamu, akapaka kitu cha utelezi, akakiweka kwenye unyayo wa kulia. Nikasikia shu, shu, shu, kama mwanamke anapepeta mchele. Akahamia kushoto. Kimya.

"Umeizima," nikasema. "Iweke ku muguu yako."

Wagonjwa wote wakacheka. Yeye hakukasirika. Akavua kiatu na soksi mbele yetu, akajipima: shu, shu, shu. Akarudi kwangu: kimya. Akapanda mpaka nyuma ya goti, ndipo nikasikia kasauti kadogo, mbali. Yaya, sisi tofali hatuliamini kwa rangi. Tunaligonga tukasikiliza. Lile ambalo halikuiva ndani halijibu. Niliwashuku watu wote wa hospitali ile, lakini sikio langu siwezi kulishuku.

Bado nina maswali. Msichana wa getini angeniuliza tu nafanya kazi gani. Lakini aliyekimbia ni mimi.

Sasa wanataka jina la mtu wa damu yangu anayekubali nipasuliwe. Dokta atakaa hapa wiki mbili tu. Karatasi nimeikunja ndani ya bahasha; andika jina lako chini, umrudishie dereva yule yule. Wodi si hema, lakini najua kwako ni kama ninakuomba uvunje kiapo. Ukikataa sitakulaumu, ila nitaandika langu peke yangu, maana Mama Lotsove nimemwona.

Na watu wakikuambia hospitali inauza viungo vya watu, waambie vidole nimeomba nipewe mkononi, ndani ya kitambaa, na dokta amekubali. Nitavizika hapa Ngezi, nyuma ya nyumba ninayopanga. Mguu wenyewe nataka urudi Epulu.

Unisalimie Mama, lakini habari ya vidole umfiche kwanza. Unisalimie shemeji, mume wako. Mwambie tumbaku nimeacha, dokta anasema inaziba mishipa, naye aache. Msalimie mjomba katekista, aniombee bila kutaja sababu kanisani.

Nangoja lori.

Mdogo wako,
Baraka